Kosta Isiyoomba Chumvi

Mume wangu Muganyizi alipomaliza kuigeuza ile Kosta kuukuu, basi dogo la abiria, kuwa nyumba ya kulala, aliniuliza tuandike nini mbele, juu ya kioo. Nchi hii gari kubwa likikosa maneno usoni watu huliona kama halina wenyewe. Nikamjibu bila kufikiri: "Andika HATUOMBI CHUMVI." Akaandika kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nilisimama uani kwetu, hapa Butimba, nikayasoma na kuyarudia kwa raha zangu.

Na kweli hatukuwa watu wa kuomba. Muganyizi ameunda vyumba vya meli tangu ujana wake, kwa hiyo akipewa upenyo wa mlango na dirisha anakutolea chumba. Kosta ilikuwa na vitanda vitatu, jiko la gesi, friji ndogo, tangi la maji juu ya paa, na choo nyuma chenye mlango unaofungika vizuri. Mimi nikajaza makabati: mchele, unga, mafuta, viungo, majani ya chai, na chumvi pakiti tatu, kwa sababu nikifanya jambo silifanyi nusu. Pakiti za chumvi nilizipanga chini ya kitanda cha baba.

Maana hayo yote yalikuwa kwa ajili ya baba.

Baba yangu, Mzee Severine, alihamia kwetu baada ya mama kufariki. Alitoka Kyaka na sanduku moja, redio na mfuko wa kahawa ya huko, akachagua kiti cha dirishani sebuleni, akakaa. Hakuwa mgonjwa. Daktari alimpima akasema moyo wake ni wa kijana. Ila hakunyanyuka. Alikula ukimwekea, aliitikia ukimsalimia, na ile redio hakuiwasha hata siku moja. Mimi ni mwalimu, tena nafundisha wanaokwenda kuwa walimu, nimezoea nikisema simama watu wasimame. Kwa baba nilibembeleza, nikagomba, nikamletea padri, nikamletea televisheni kubwa kama mlango. Hakuna kilichomtoa. Kila nikipita na sufuria nilikuwa naona kisogo chake na kiti, kiti na kisogo chake, na niseme wazi kwamba niliogopa. Niliogopa kwamba baba atakufa kwa kukaa.

Kisha siku moja ya vuli, mvua inapiga bati, akasema bila kuulizwa: "Kambare sasa wanapanda mto."

Niliacha sufuria. Ujanani baba alikuwa akivua kwa ndoano Mto Kagera. Mama alikuwa akisema kwamba aliolewa na mtu anayenuka samaki. Nikamuuliza kama angependa kwenda kulala kando ya mto, avue tena. Akaitazama mvua muda mrefu.

"Usiku mmoja tu," akasema. "Lakini mto, Kokulinda. Siyo hoteli yenye picha ya mto. Na ikishindikana, usinitoe tena humu ndani."

Ndiyo maana Muganyizi alianza kuitengeneza Kosta vuli ile na kuimaliza masika.

Tuliondoka Jumamosi baada ya Pasaka kuelekea upande wa Magu, ambako barabara inavuka Mto Simiyu. Baba alikuwa nyuma dirishani, fimbo yake ya kuvulia imelala mapajani. Kisesa tulisimama kununua ndizi mbivu. Mama mwenye meza ya ndizi akainua macho, akasoma maneno yetu, akapiga makofi.

"Jamani! Hata chumvi?"

"Hata chumvi," nikamjibu, nikapandisha kioo.

Mto tuliukuta umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, matete yameinama, mikuyu imeota kingo zote mbili, na ndege mdiria anajirusha majini na kutoka na dagaa mdomoni. Baba aliusogeza uso wake kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu. Lakini mto haukai hewani, unapita kwenye ardhi ya watu. Tukaingia njia ya vumbi, tukafika kwenye shamba la mpunga linaloshuka hadi majini. Mwenye shamba, mzee mrefu mwenye koti, alitupokea kwa heshima zote.

"Karibuni, karibuni ndani. Mama anaivisha viazi, mtakula kwanza, halafu mtaniambia shida yenu."

"Asante sana baba, wala usihangaike," nikasema. "Sisi hatutaki kumsumbua mtu. Tuna chakula, tuna maji, tuna kitanda, hata choo tunacho. Tunaomba tu mahali pa kusimamisha gari mpaka kesho."

Nilidhani nimesema jambo jema. Mgeni asiye na gharama, nani hamtaki? Yule mzee aliitazama Kosta, akanitazama mimi, akafunga kifungo cha koti.

"Hilo mimi siliwezi," akasema. "Nendeni kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kitongoji tulimkuta kibarazani kwa ofisi yake, anakunywa uji. Jina lake Mihayo, mtu mfupi, mnene wa mabega, ana sauti ya kusimamisha ng'ombe. Tulipomwamkia shikamoo aliitika, akamwita mtu alete vikombe viwili zaidi.

"Usijisumbue, mwenyekiti," nikasema. "Tumekunywa chai garini, ya moto." Nikamweleza kila kitu: jiko, friji, tangi, choo. Muganyizi akaongeza habari za sola. Tulimweleza kama watu wanaouza kiwanja.

Mihayo alimalizia uji wake taratibu, akafuta mdomo.

"Hamhitaji maji?"

"Tunayo."

"Kuni?"

"Tunatumia gesi."

"Vizuri. Basi hata mahali mtakuwa napo. Lodge ziko Magu mjini, nzuri, zina geti."

Tukarudi garini. Nilikuwa nimefura. "Watu wa ajabu hawa," nikamwambia Muganyizi. "Unawapunguzia mzigo, wanakasirika!" Muganyizi, ambaye hupenda amani kuliko ukweli, akasema labda wanaogopa majambazi. Jambazi gani anasafiri na choo, nikamuuliza. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa ziwa.

Nikageuka nyuma. Baba alikuwa ameondoa uso dirishani. Fimbo ameiweka sakafuni.

"Turudi, mwanangu," akasema. "Mmejitahidi."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Ningependa angenigombeza. Nilimwambia Muganyizi aendelee na ile njia ya kando ya mto, popote inapoishia, na kama inaishia majini basi tuingie majini. Njia ikatupitisha kwenye mihogo, ikapinda, ikaishia kwenye uwanja uliofagiliwa, nyumba mbili za bati, zizi la ng'ombe, na hatua chache mbele ya zizi, chini ya mkuyu mkubwa, mto wenyewe.

Mama mmoja wa makamo alikuwa anaanua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani. Nikashuka upesi, nikamwamkia, nikavuta pumzi ili nianze hotuba yangu ya jiko na friji. Sikupata nafasi. Nyuma yangu dirisha la Kosta lilifunguliwa kwa kishindo.

"Mama mwenye nyumba!" baba akaita.

"Abee! Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Samahani. Hapo kwako hapakosekani chumvi kidogo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Pakiti tatu! Pakiti tatu chini ya kitanda alichokalia! Niligeuka nikamkodolea macho yale ambayo hunyamazisha darasa zima la watu wazima. Baba hakunitazama. Yule mama alikuwa ameinua kichwa anasoma maneno mekundu juu ya kioo, midomo yake inatembea neno kwa neno. Kisha alimtazama baba, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Na hayo maandishi, mzee?"

"Hayo ni ya binti yangu," baba akasema. "Mimi naomba."

Mama akaingia ndani huku bado anacheka. Alitoka na bakuli la bati lenye maua mekundu, rangi imebanduka ukingoni, na chumvi imejaa nusu. Alimpa baba kwa mikono miwili kupitia dirishani, naye akalipokea kwa mikono miwili.

"Na mnatia chumvi kwenye nini?"

"Hatujui bado," baba akasema. "Yumo mtoni."

Hapo hata Muganyizi alicheka. Yule mama alisema anaitwa Dorotea, akatuonyesha mahali pa kusimamisha gari, pale chini ya mkuyu, akatuonya tusivuke matete kwa sababu kuna kiboko mwenye hasira na watu wasiomjua. Hatukuwa tumeomba mahali. Nilibaki nimesimama uwanjani na hotuba yangu mdomoni, sina wa kumpa.

Baba alishuka mwenyewe. Nilimpa mkono akaukataa, akashika mlango, akakanyaga chini, akaomba jembe achimbe nyungunyungu. Kwa mwaka mzima sikuwahi kumwona baba akiwa ameinama. Nilisimama kando na jembe la pili nikijifanya nami nachimba, kumbe namtazama tu.

Tukiwa katika hali hiyo pikipiki ikaingia uwanjani. Aliyeshuka alikuwa mfupi, mnene wa mabega. Mihayo, mwenyekiti. Alikuwa amefika nyumbani kwake.

Aliitazama Kosta chini ya mkuyu wake. Akanitazama mimi na jembe lake. Baba alikuwa na nyungunyungu mmoja tu kwenye kopo, jua limebaki mikono miwili juu ya maji, na huyu mtu ana haki ya kutuondoa kwa neno moja.

"Nani kawaruhusu hawa?" akauliza kwa ile sauti yake.

"Mimi," Dorotea akasema bila kuacha michembe yake. "Mzee kaniomba chumvi."

Mihayo akamgeukia baba. "Umeomba chumvi?"

"Nimeomba, nimepewa," baba akasema, akainua bakuli alione.

Mwenyekiti akavua kofia ya pikipiki, akamwamkia baba shikamoo kwa kuinama, na alipoinuka uso wake ulikuwa mwingine.

"Sasa kwa nini kule ofisini hamkusema?" akaniuliza mimi. "Nimewapa uji mmekataa. Maji hamtaki, kuni hamtaki. Mtu asiyehitaji kitu namkaribisha kwa lipi? Nikadhani ni watu wa kupima ardhi, wamekuja kutunyang'anya mto."

"Siyo wapimaji," Dorotea akasema. "Ni Wahaya."

"Aaa!" Mihayo akapiga paja. "Basi hapo nimeelewa!"

Wakacheka wote, maana sisi Wahaya hutaniwa kwa majivuno, na baba akacheka kuwazidi. Mimi nilikuwa nimevimba, lakini kicheko cha baba kilinitoa upepo wote. Kilikuwa kile kile cha zamani, kinachoanzia tumboni na kuishia kwa kikohozi. Nilikuwa nimekisahau.

Walikwenda mtoni wawili, baba na Mihayo, mmoja na fimbo ya Kyaka, mwingine na fimbo ya Simiyu. Niliwasikia wakibishana. Baba alimtemea mate nyungunyungu kabla ya kutupa ndoano, na Mihayo akauliza kama hiyo ni dawa ya Bukoba.

"Bila mate," baba akasema, "samaki atajuaje kaalikwa na nani?"

Jua lilikuwa linagusa matete nilipomsikia baba akipiga kelele. Nilitupa mwiko nikakimbia, mawazo yangu yote yako kwa kiboko. Nilimkuta amesimama, miguu ameitanua kwenye tope, fimbo imepinda, anatukana kwa Kihaya maneno ambayo mama alikuwa amemkataza. Mihayo amemshika mkanda wa suruali kwa nyuma asije akafuata samaki majini. Wakavuta, wakarudi nyuma, wakaanguka wote wawili kwenye majani, na katikati yao kambare mwenye sharubu, urefu wa mkono wangu, anapiga mkia.

"Kokulinda!" baba akaniita. "Lete chumvi!"

Nilikwenda kuleta chumvi huku nalia, na sikujificha.

Jioni hiyo friji yangu haikufunguliwa. Tulikula ugali wa Dorotea na kambare wa baba, aliyechomwa juu ya kuni za Mihayo na kupakwa chumvi ya lile bakuli. Michembe ilichemshwa na karanga. Mimi niliruhusiwa kuchangia majani ya chai, na hilo lenyewe nililiomba. Moto ulikuwa mzuri, mto unapita karibu, na kiboko alikuwa akikoroma kule kwenye matete akituchunga.

"Baba," nikasema nilipoona ameshiba, "chumvi tulikuwa nayo. Pakiti tatu. Umezikalia toka Butimba."

"Najua. Zimeniumiza mgongo."

"Sasa kwa nini?"

Alinyonya mfupa kwanza.

"Mama yako nilimpata kwa chumvi," akasema. "Nilikuwa nimevua pale karibu na kwao, nimewasha moto, samaki yuko tayari. Nikaona msichana anafagia uwanja. Nikaenda nikaomba chumvi. Angela akaniletea kwenye bakuli, akanicheka nguo zangu."

Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nilidhani nawajua wazazi wangu.

"Ulikuwa huna chumvi?" Dorotea akauliza.

"Nilikuwa nayo mfukoni, nimeifunga kwenye jani la mgomba."

Mihayo alicheka mpaka chai ikampalia.

"Na bakuli nikaondoka nalo," baba akaendelea.

"Kwa kusahau," nikasema.

"Nani kakwambia nilisahau? Chombo cha watu hakirudi kitupu. Kesho yake nikalirudisha na samaki ndani. Mama yake akaona aibu, akanipa kapu la maharage. Kapu nalo si lazima lirudi? Vyombo vikatembea, vikatembea, mpaka siku moja wazee wangu wakaenda kuvimaliza kwa posa." Akautazama moto. "Sasa pale sebuleni kwako, Kokulinda, kila kitu kipo. Nikiinuka nakwenda kumwomba nani? Nampelekea nani?"

Hakusema kwa kunilaumu. Dorotea alimwongezea chai. Muganyizi alinishika bega, tukakaa hivyo mpaka kuni zikaanza kuanguka.

Asubuhi walirudi tena mtoni, hawakupata kitu, na walirudi wakiwa wamefurahi vilevile. Tuliagana kwa muda mrefu, kama inavyopasa. Dorotea alitufungia michembe kwenye mfuko, nami sikusema tunayo, nilisema asante. Mihayo alituambia kiboko atatukumbuka. Baba alipanda mwenyewe, akajifunika blanketi mapajani ijapokuwa hapakuwa na baridi, akapunga mkono dirishani mpaka njia ikapinda. Kadiri tulivyokaribia mjini ndivyo hofu yangu ilivyorudi. Usiku mmoja tu, alikuwa amesema. Usiku tumempa. Tulipofika alipita moja kwa moja ndani, nikakisikia kile kiti cha dirishani kikilia.

Nilianza kutoa vitu garini kwa hasira zangu za kawaida, ambazo mume wangu anajua ni huzuni. Nikakunja mashuka. Nikatoa zile pakiti tatu za chumvi, hazijafunguliwa hata moja. Nikainua blanketi la baba lililokunjwa vizuri mno juu ya kitanda chake, na chini yake nikakuta bakuli la bati lenye maua mekundu.

Nilipandwa na mori. Watu wametupa chumvi, wametupa mto, wametupa michembe, na sisi tumeondoka na bakuli lao!

"Baba!" nikapiga kelele kuelekea nyumbani. "Umesahau kurudisha bakuli la watu!"

Nilipogeuka nilimwona amesimama mlangoni kwa Kosta, koti amevaa, kofia amevaa, redio yake imewaka kwapani. Alikuwa amekuja mwenyewe, uwanja mzima, bila mtu kumwita.

"Nani kakwambia nimesahau?" akasema. "Ile kahawa ya Kyaka imebaki? Lijaze mpaka juu. Jumamosi tunarudisha."

Nikashika bakuli kwa mikono miwili, nikaenda jikoni kutafuta kahawa.